Mguu wa Bi Mkubwa

Nyumbani,
chumba cha nyuma, kwenye meza ya cherehani.
Jumapili, tarehe nne.

Mpendwa Kaka,

Salamu kwanza, maana hata mtu akiwa na hasira salamu hazimshindi. Hujambo wewe? Wifi hajambo? Watoto wanaendeleaje na masomo na hilo baridi lenu? Na ule mgongo uliokuwa unakusumbua kwa kukaa ofisini, umetulia? Mimi ni mzima. Nakula, nalala nikipata nafasi. Nyumba ipo, paa linavuja palepale ulipopaacha. Sasa uliza habari za mama. Hukuuliza, lakini nakupa nafasi uulize hapo ulipo kabla hujaendelea kusoma.

Mama amekatwa mguu. Wa kushoto, chini ya goti. Naandika wazi hivi ili usije ukadhani nazungumzia boti, kwa sababu hapo ndipo mambo yote yalipoharibikia. Na aliyesema ukatwe ni wewe. Usinipigie simu, na mama usimpigie kabisa. Soma mpaka mwisho. Kuna kitu mama anakingoja kutoka kwako, na kwa ajili ya kukingoja hataki kuvalishwa mguu wa bandia wa hapa hospitali. Fundi wa miguu amesema akiendelea kukaa hivi mpaka mwisho wa mwezi ujao goti litakakamaa, na likishakakamaa hatatembea tena, hata aletewe mguu wa dhahabu.

Haya, nianze mwanzo.

Unakumbuka siku baba alipoishusha boti majini. Mama kila mtu alikuwa anamwita Bi Mkubwa, kuanzia sisi mpaka wapangaji, basi baba naye akaona afanye la maana, akaandika BI MKUBWA ubavuni kwa rangi nyeupe. Alidhani atamfurahisha. Mama akamwambia kama anataka kumpa heshima ampe kabati la vyombo, si mbao zilizoandikwa jina lake. Tangu siku hiyo nyumba ikawa na akina Bi Mkubwa wawili, na hatukuwahi kuwachanganya. Mtu akisema Bi Mkubwa anavuja, tunajua. Akisema Bi Mkubwa kanuna, tunajua. Tulikuwa tunaishi nao wote.

Kisha ukaondoka, na baba akafariki, na boti ikabaki bandani imeegeshwa juu ya magogo. Nadhani ndipo kwako alipobaki Bi Mkubwa mmoja tu.

Sijui ni nini kilikuingia kichwani mwaka jana. Ukaanza kutuma ujumbe kwamba unataka boti ifufuliwe, ukirudi uikute inanguruma, na kwamba vipuri utavitafuta mwenyewe huko. Ila kwanza lazima tuitambue injini ni ya nani na mguu ni wa nani. Wifi kama anasoma na yeye, mguu tunauita kile chuma cha nyuma kinachoshuka majini na kubeba propela. Sisi ndivyo tulivyokiita siku zote. Jina lake la kitabuni silijui na sina haja nalo.

Nikaingia bandani na tochi. Kibao cha jina cha injini hakipo, pamebaki matundu mawili ya ribiti. Kwenye mguu nako hakuna kitu, ni rangi juu ya rangi. Nikakuambia. Ukasema nikwangue, kila kiwanda kina rangi yake, nikiifikia ya chini kabisa tutajua. Nikakwangua kwa brashi ya waya mpaka kucha zikawa nyeusi. Chini ya ile ya kijivu nikakuta kijani cha mlango wa mbele. Chini ya kijani nikakuta buluu ya madirisha ya jikoni. Chini ya buluu, pinki ya chumba changu, ile uliyoicheka mwezi mzima. Baba hakuwa mtu wa kutupa rangi iliyobaki. Nilisimama pale nikaitazama nyumba yetu yote imebanduka sakafuni, ila rangi ya kiwanda sikuiona.

Ukasema nitafute namba kwenye bloku ya injini. Nikaipata, imesagwa kwa tupa, zimebaki tarakimu mbili na mkia wa ya tatu. Ukasema nipige picha. Nikapiga. Ukasema ina giza, piga tena. Silinda ngapi? Nne. Kabureta iko upande gani? Kifuniko cha mguu kina bolti ngapi? Huo mpira wenye mikunjo una upana gani? Nikasema sina kifaa cha kupimia vitu vya mviringo. Ukanifundisha: chukua uzi, uzungushe, ukate panapokutana, halafu ulaze kwenye rula. Uzi haudanganyi, ukasema. Uzi nilikwenda kuuomba kwa mama, kwenye kikapu chake cha ushonaji. Alikuwa amelala ameunyoosha mguu juu ya mto. Akaniuliza wa nini, nikamwambia ni wa boti, wewe umesema uzi haudanganyi. Akachagua mweupe, akaukata kwa meno.

Ukataka pia tuhesabu injini ikizunguka mara moja propela inazunguka kiasi gani, eti kila mguu una hesabu yake. Hapo nikamwita Daktari, fundi wa injini wa pale kona. Wewe unamfahamu vizuri, mmekuwa mkitumiana ujumbe kuliko unavyotumiana na sisi. Kwa faida ya wifi, anaitwa Daktari kwa sababu huweka bisibisi kwenye injini na mpini sikioni, anasikiliza amefumba macho, kisha anakuandikia oili utadhani ni dawa ya kikohozi. Mimi nikazungusha kwa spana huku mbele, yeye akachungulia huku nyuma propela tuliyoipaka chaki. Akakutumia hesabu. Akakuambia pia kwamba mguu umeoza kwenye maungio, bolti zimeshikana na kutu, na huenda ikabidi zikatwe.

Ukakaa siku kadhaa, kisha ukatoa hukumu. Ulikumbuka baba akisema injini na mguu vimetoka nyumba moja. Basi, ukasema, ni kiwanda kimoja, ni vya seti moja, na picha ya seti hiyo umeipata. Daktari alikuambia kwamba hesabu ya propela haiendani na picha yako. Ukamjibu kwamba baba hakuwa mtu wa kusema ovyo. Daktari akaniangalia, akafunga boksi lake la spana, akaenda zake.

Sasa nikuambie yaliyokuwa yanatendeka hapa nyumbani katika wiki hizo hizo, maana wewe umeiona boti peke yake.

Mama alipata kidonda chini ya kidole, kidogo tu, kiatu kilimbana. Kwa mwenye kisukari kidonda kidogo hakipo. Kikapanda. Asubuhi nilikuwa namsafisha kidonda, mchana nakwangua injini, kwa mikono hii hii, sabuni ile ile. Tangu mwanzo alinikataza nisikuambie. Akasema una mambo yako, usitiwe wasiwasi. Nikatii. Wewe kila mwisho wa ujumbe ukawa unaandika, wasalimie wote. Wote ni nani, Kaka? Ukiacha wapangaji, humu ndani tulikuwa wawili.

Tulipofika hospitali hali ilishakuwa mbaya. Daktari, na hapa nasema daktari wa kweli, yule mama mwenye koti jeupe, alitukalisha akasema ukatwe upesi, vinginevyo sumu itapanda na tutampoteza. Mama akakataa. Akasema alizaliwa na miwili, atazikwa na miwili. Mama mdogo akalia mpaka akatolewa nje ya wodi. Baba mdogo akaja na maneno yake marefu, mama akajifanya amelala. Mimi nilipiga magoti kando ya kitanda nikamsihi. Akaniambia niinuke, sakafu ya hospitali ni chafu.

Ndipo akasema, muulizeni mwanangu. Akisema yeye, nitakubali.

Mimi pia ni mwanawe, lakini hilo tuliache.

Nikatoka nje kwenye korido nikakuandikia. Nilikuwa sijalala, wauguzi wanapita na vitanda, mtu analia chumba cha pili. Niliandika hivi: Daktari kasema mguu wa Bi Mkubwa umeoza, dawa ni kuukata tu. Tunangoja neno lako.

Ukajibu haraka, hilo nakushukuru. Uliandika: Kateni. Kama umeoza umeoza, msiubembeleze. Bi Mkubwa ataishi tu. Nitamtumia mguu mwingine, mzuri kuliko huo wa zamani.

Nilikasirika. Nilisema moyoni, hata pole hana? Nikafikiri labda mtu akikaa mbali sana anaanza kuongea kama barua za ofisi. Nikataka nimwambie mama kwa lugha laini, lakini akaniambia nisome kama ulivyoandikwa, nisipunguze. Nikasoma. Akaniambia nirudie pale panaposema ataishi. Nikarudia. Akashusha shuka, akautazama mguu wake kama mtu anayeaga. Kisha akasema, waite.

Walimkata asubuhi yake. Alizinduka salama. Daktari yule mama akasema tungechelewa kidogo tu angekuwa amekufa.

Jioni ya siku hiyo hiyo, niko koridoni na mfuko wa nguo zake, ujumbe ukaingia kwenye simu. Ni wewe. Umeandika: Mmeshaukata? Mkiutoa angalieni upande wa ndani kama kuna namba. Na msiutupe.

Nilisoma mara ya kwanza sikuelewa. Mara ya pili nikaelewa, nikacheka. Nilicheka mpaka muuguzi akaja kunishika bega akidhani nalia, na alipokuwa ananishika ndipo nikalia kweli.

Usiniambie niliandika vibaya. Najua unalifikiria hilo sasa hivi. Nimeusoma ujumbe wangu mara nyingi kuliko utakavyousoma wewe, na kila neno ni la kweli. Mtu ambaye mama yake yumo kichwani mwake, akiambiwa Bi Mkubwa mguu umeoza, angeruka kitini. Angeuliza, Bi Mkubwa yupi? Swali hilo moja lingetosha. Hukuuliza kwa sababu kwako hakuna wa pili.

Utauliza pia kwa nini sikukuambia pale pale. Nilikasirika, ndiyo sababu, wala sitaipamba. Nikasema ngoja nione atachukua muda gani kuuliza habari za mama yake. Nimengoja. Umeuliza habari za mafuta ya gia, umeuliza kama banda lina kufuli, umeuliza hata kama panya wameingia kwenye viti vya boti.

Na kulikuwa na jambo lingine lililonifunga mdomo. Mama alikuwa anakusifu. Wodi nzima ilikuwa inakujua. Kila mgeni aliyekuja anaambiwa, mwanangu yuko mbali lakini ndiye aliyeamua, wengine wote wamekaa wanalia, yeye kasema neno moja tu na mimi leo naongea na nyinyi. Mimi nimekaa pembeni nashika beseni. Nilikuwa nashika beseni kila siku, Kaka, na sifa zinakwenda kwa mtu anayetafuta namba ya mguu wa boti. Lakini ningemwambia nini? Kwamba neno lililomtoa kwenye kifo lilikuwa la bolti zenye kutu? Nikanyamaza.

Tukarudi nyumbani. Baada ya kidonda kufunga akaja fundi wa miguu wa hospitali, kijana mpole, anachonga miguu ya mbao na plastiki, kazi yake nzuri tu. Akatoa kipimo chake mama akamzuia mkono. Asante baba, akamwambia, mimi wangu unatumwa. Fundi akarudi mara ya pili, akajibiwa vilevile. Mara ya tatu akanieleza mimi, mlangoni, habari ya goti kukakamaa.

Halafu kasha lako likafika.

Lililetwa na gari la mizigo, watu wawili wamelibeba. Juu umeandika kwa herufi kubwa, mwandiko wako hauna mfano: MGUU WA BI MKUBWA. SHIKENI KWA UANGALIFU. Nilijua ni nini kabla halijagusa chini. Nikawaambia wale vijana walipeleke bandani moja kwa moja, lakini mmoja wao kimbelembele keshasimama mlangoni anasoma kwa sauti mguu wa Bi Mkubwa ni hapa? Mama akaitikia kutoka ndani. Akasema ni hapa, ni mimi.

Nilimwambia tufungue kesho. Nikamwambia boksi lina vumbi. Hakusikia. Akataka gauni lake la buluu, akataka nimchane nywele. Kisha akataka viatu. Nikamletea cha kulia. Akaniuliza cha pili kiko wapi. Nikakitoa chini ya kabati nilikokificha, nikakipangusa, akakiweka mapajani.

Watu walishajaa. Mama mdogo alikuwepo, jirani yetu mshonaji, wapangaji wote wawili. Habari imezunguka kwamba mguu kutoka ng'ambo umefika. Daktari wa injini aliitwa aje na mtaimbo kufungua mbao. Alipolisoma lile kasha akanitazama, na mimi nikamtazama, hakuna aliyekuwa na la kufanya. Akafungua.

Harufu ya grisi ikajaa sebule. Akatoa makaratasi, akatoa plastiki, kikatokea chuma cha kijivu kinang'aa, na propela yake ya mapanga matatu imefungwa kitambaa kizuri.

Kisha mpangaji mmoja, yule mwenye duka la vocha, ambaye hana hata tone la akili, akauliza sasa huu unavaliwaje.

Mama alikuwa ameshika kile kiatu kwa mikono miwili. Alikitazama chuma kwa muda. Niliona uso wake ukielewa. Nilimwona anarudi nyuma mpaka kitandani hospitali, anasikiliza tena nikimsomea, kateni, umeoza umeoza. Kisha akanyoosha shingo akawaambia watu, huu wa boti ndio umetangulia. Wangu unakuja nyuma.

Akaniagiza niwapikie watu chai. Wakanywa, wakaisifu propela, wakaenda.

Nilipomrudisha chumbani akanipa kiatu. Rudisha palepale, akasema. Akageukia ukutani.

Ngoja nimalizie habari ya boti, maana najua hata sasa unataka kujua. Daktari alikwenda kuufunga kesho yake. Haukuingia. Matundu ya bolti yanapishana, na meno ya shafti ni mengi kuliko yanayotakiwa. Akarudi akasimama dirishani kwa mama na mafuta mikononi, akasema huu mguu si wa injini ile hata kidogo. Yaani umetuma mguu mmoja, na hauwafai wote wawili.

Mama akamuuliza, kwani nyinyi mlidhani injini ile ni ya nini?

Akaanza kutueleza huku anasokota ncha ya shuka. Injini ni ya ile teksi ya baba, aliyokuwa anaendesha kabla ya kuingia kwenye maji. Bodi lilipokwisha akaitoa injini. Mguu aliununua kwa mtu ambaye boti yake iliungua, ukabaki mguu tu. Viwili hivyo havikukubaliana, kwa hiyo baba akatengeneza bamba la kuviunganisha, ile pete nene ya alumini iliyo katikati ambayo wewe uliniambia ni alama ya kiwanda. Ile ni sufuria za mama. Sufuria zake kubwa, za siku ya harusi yao. Aliziyeyusha hapa uani mchana kweupe, mama aliporudi sokoni akakuta zimeshakuwa uji. Kibao cha jina alikitoa baba mwenyewe, na namba akazisaga kwa tupa, kwa sababu abiria walikuwa wanamcheka kwamba wanapanda teksi inayoelea. Kuanzia hapo mtu akimuuliza vimetoka wapi, anajibu vimetoka nyumba moja. Nyumba ndiyo hii. Kiwanda alichokuwa anakisema ni uani kwetu.

Daktari alikaa chini kwenye ngazi akacheka mpaka akapangusa macho kwa kitambaa cha grisi. Mimi nilimuuliza mama kwa nini hakusema muda wote huo, mimi nakwangua, nakata nyuzi zake, napiga picha.

Akasema, mbona hakuna aliyeniuliza. Teksi ile ndiyo ilinipeleka hospitali siku ya kumzaa kaka yako. Injini yake naijua.

Basi, umeshatambuliwa mtambo wako. Andika popote unapoandika.

Sasa lililobaki. Fundi wa miguu alikuja tena Alhamisi. Mama kamwambia kama alivyomwambia mwanzo, wangu unatumwa. Mbele ya watu hawezi kusema vingine, maana amekwisha kukusifu kwa wodi nzima na mtaa mzima, na akivaa wa hapa itajulikana kwamba hukuwa unamsemea yeye. Akili zake ni timamu, usidhani amechanganyikiwa. Anakulinda. Anakaa kwenye kiti pale dirishani amekunja goti, na goti linaanza kugoma, juzi nilimnyoosha akauma shuka. Atalipoteza goti ili wewe usiaibike. Mimi nimeshindwa kumtoa hapo, na baba mdogo ameshindwa. Anayeweza ni wewe, kama ulivyoweza mara ya kwanza bila kujua.

Sitaki usamehewe kwa simu. Njoo. Ukitaka kumwambia ukweli, mwambie uso kwa uso, yeye mwenyewe atajua aufanye nini. Ukitaka kumdanganya, basi udanganye vizuri, uje umebeba mguu. Lakini uje kabla ya huo mwisho wa mwezi. Boti iache. Nikiona ujumbe mwingine wa mafuta ya gia nitaitia moto na banda lake, na unanijua.

Mama mdogo anakusalimu, ingawa alitaka niandike maneno mengine nikakataa. Baba mdogo anakusalimu, anasema ukija umletee dawa ya macho. Jirani mshonaji anakusalimu, na Daktari anasema ule mguu ameupaka grisi na kuufunika asije akaulizwa. Msalimie wifi sana, wabusu na watoto, waambie shangazi yao si mkali hivi siku zote. Mungu akufungulie njia, akuweke salama angani na barabarani, na akufikishe mlangoni kwetu kabla sijaandika barua ya aina nyingine.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda hata leo, japo leo kwa shida,

Dada yako.

Nilikuwa nimeshaifunga bahasha, mama akaniita. Aliniuliza nimekuandikia nini, nikamwambia salamu tu. Akaagiza kikapu chake cha ushonaji. Akaunyoosha mguu uliobaki, akashika uzi gotini, akauteremsha mpaka unyayoni, akaukata kwa meno, akanipa. Akasema nikutumie, wewe ndiye uliyesema uzi haudanganyi. Nimekuwekea humu ndani. Ni ule mweupe.